Rimoti ya Mzee Aliyekubali Kila Kitu

Kidole gumba cha Mama Kodi kimebana kitufe, lakini macho yake hayako kwenye televisheni. Yako sakafuni. Anasikiliza. Mbele yake amesimama kinyozi wa mtaa wa pili, aliyeleta televisheni ya kazini kwake kwa mkokoteni, na amebana pumzi kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Televisheni inaimba tangazo la sabuni. Ghafla inanyamaza, kioo kinakuwa cheusi, na kabla kinyozi hajafungua mdomo, kidole kimeshaachia.

"Imekubali," anasema Mama Kodi, na kumkabidhi rimoti yake.

Hilo ndilo neno la kazi hapa. Mafundi wa rimoti hawasemi kifaa kimepona wala kimetengenezeka. TV inakubali au inakataa, basi, kama mchumba. Na katika jengo hili la maduka, chini ya ngazi ambako dari limeinama mpaka mtu mrefu anaingia kwa adabu apende asipende, hakuna anayejua kuzibembeleza TV zikakubali kama mwanamke huyu.

Kazi yenyewe ukielezwa unaiona nyepesi. Rimoti zinazouzwa sokoni kwa jina la "rimoti ya TV zote" zimebeba ndani yake kodi, yaani namba za amri, za kampuni chungu nzima, ila hazijui ipi ni ya kwako. Unabana kitufe, nayo inaanza kuzitupa moja baada ya nyingine. Ikifika kodi ya TV yako, TV inazima. Hapo uachie, hapo hapo. Ukichelewa kidogo imeshakwenda kwenye nyingine, na unaanza upya.

"Wengi wanashindwa kwa sababu ya furaha," anasema Mama Kodi. "TV ikizima wanapiga kelele kwanza, ndipo wanaachia. Wanakuwa wameshapita kituo."

Jina lake limetokana na hizo kodi, na limemletea mikasa. Mpangaji mmoja mgeni ghorofa ya juu alisikia watu wakisema, "Mama Kodi anapanda," akajifungia ndani na kuzima taa. Alikuwa anadaiwa pango. Mama Kodi alibisha hodi mpaka akachoka, kumbe alikuwa anampelekea rimoti yake. Kuna pia neno la kamusi la kifaa hiki, kitenzambali, neno zuri kweli. Lakini litamke mbele ya meza yake, atakuuliza kama linauzwa kwa vidonge au kwa maji.

Hakusomea ufundi. Alikuwa mfanya usafi katika nyumba ya wageni yenye vyumba vingi na rimoti chache. Wageni wengine waliondoka nazo mifukoni, wengine walizikalia, wengine walizimwagia chai. Mwenye nyumba akanunua katoni nzima ya rimoti za kupanga upya, zikaja na karatasi ya maelezo ya herufi ndogo kama mbegu za mchicha, katika lugha ambayo hakuna aliyeitambua. Kila mtu akazikwepa. Yeye akawa anazijaribu akibadilisha mashuka, peke yake na TV, mlango umefungwa.

Kisha kikatokea kile kisa cha mashetani. TV ya chumba cha mwisho ilianza kujizima na kujiwasha jioni. Wageni wakahama, mwingine akiwa na sabuni mwilini. Mwenye nyumba akaleta watu wa maombi. Mama Kodi, akideki korido, akagundua kwamba vituko vile hutokea tu pale mgeni wa chumba cha upande wa pili anapoacha mlango wazi, na wa chumba cha mwisho nao uko wazi. Vyumba vyote viwili vilipangwa kodi moja. Mwanga wa rimoti ya huyu ulikuwa unatoka mlangoni, unagonga kioo cha kabati la koridoni, unaingia kwa jirani.

"Nilisimama pale na dekio mkononi," anakumbuka. "Nikasema, kumbe kuna kitu kinatembea humu, kinakata kona, kinagonga kioo na kufika kinakokwenda, na mimi niko katikati yake nafuta sakafu, sikioni. Siku ile nililala nimeshangaa, na mpaka leo sijaacha kushangaa."

Alibadilisha kodi ya chumba kimoja na mashetani wakahama. Sifa walipewa watu wa maombi. Yeye anacheka tu akisimulia, maana anasema hata wao walifanya kazi yao, walimtuliza bosi.

Nyumba ile ilipouzwa, wafanyakazi wote wakaambiwa kwaheri. Mama Kodi akaomba nafasi chini ya ngazi na kuweka meza, kiboksi cha viatu chenye rimoti zilizokufa, mswaki mkuukuu wa kusugulia, chupa ya spiriti na TV ndogo ya majaribio. Mume wake ni mwashi. Mama mkwe hakuielewa biashara ile hata kidogo; alikuwa akisema mwanawe ananyanyua matofali jua lote huku mkewe anaketi kivulini anabonyeza bonyeza. Siku rimoti yake ilipogoma katikati ya taarifa ya habari, alimpigia simu mkwewe akimwita "mwanangu kipenzi". Tangu hapo yakaisha.

Kinyozi anapoondoka na mkokoteni wake, anaingia mama wa makamo mwenye mkoba wa plastiki, anahema kwa mwendo. Hatoi kitu kwenye mkoba. Anasimama tu.

"Fundi," anasema, "nimeambiwa wewe unaweza kuifanya TV imsikilize mtu."

Mama Kodi anamvutia kigoda. Yule mama anaanza kusimulia, na ngazi nzima juu ya vichwa vyao inaendelea kupita watu kana kwamba hakuna jambo.

Mume wake ni seremala. Nusu ya mtaa wanalalia vitanda vyake. Kiharusi kilimwangusha akiwa karakana, penseli bado iko sikioni. Upande wa kulia haufanyi kazi na maneno yamekwisha kabisa. Uliobaki ni mkono wa kushoto, tena vidole tu. Na kichwa, ambacho hutikisika kukubali.

Hicho kichwa ndicho kinachomtesa mkewe. Mzee anakubali kila kitu. Ukimuuliza kama anataka uji, ndiyo. Kama ameshiba, ndiyo. Shemeji yake alimtania akamuuliza kama safari hii angependa yeye mwenyewe ndiye aolewe, akajibu ndiyo. Wakacheka nyumba nzima, kisha mke akaingia jikoni akalia. Muuguzi wa mazoezi akamweleza kwamba lile si jibu, kichwa kinakwenda chenyewe, ugonjwa ndivyo ulivyo. Mtu yuko ndani, lakini njia ya kutoka imeziba.

Muuguzi akaongeza jingine. Mgonjwa asiyeamua lolote huanza kujisahau. Akashauri watafute kitu kimoja kitakachotii kidole chake, mapema, kabla kidole nacho hakijakata tamaa. Walimpa kengele, hakuigusa. Walimpa mpira wa kuminya, ukabingirika chini ya kitanda. Siku hizi anafumba macho tangu asubuhi, na kijiko kikifika mdomoni hafungui mpaka abembelezwe.

Binti yao aliwaletea TV kubwa ili baba asikae mpweke. Rimoti yake ikatumbukia kwenye beseni la nguo wiki ile ile. Kwa hiyo mke huiwasha kwa kitufe kilicho chini ya TV yenyewe asubuhi, na kuizima wakati wa kulala, na mzee hushinda mbele yake.

"Nataka aiwashe mwenyewe," anasema. "Aizime mwenyewe. Kitu kimoja tu ambacho haningoji mimi. Nikikosa hiki, fundi, sioni kingine."

Mama Kodi hamuahidi. Anamuuliza TV ni ya aina gani, naye anataja jina ambalo hata mwandishi wa simulizi hii hajawahi kulisikia. Mama Kodi analipuuza. TV za siku hizi, anaeleza, zina jina moja usoni na ukoo mwingine tumboni. Yeye haziulizi jina, anaziuliza tabia. Ikiwaka, inatangulia sauti au picha? Taa yake ya usingizi ni nyekundu au buluu? Inazima mara moja au inaaga kwanza? Yule mama anajibu kama anayemweleza daktari habari za mtoto, na Mama Kodi anaguna, anachokonoa kiboksi, anachagua rimoti.

Kisha anaifungua. Chini ya ule mpira wa vitufe kuna bati la kijani lenye vidoa vyeusi, kila kitufe na kidoa chake. Anaviziba vidoa karibu vyote kwa gundi ya karatasi, ili kidole kikiteleza kisiharibu kitu. Vinabaki vya kuwasha na kuzima, vya sauti, na vya kubadilisha stesheni. Juu ya kitufe cha kuwashia anagandisha kifungo kikubwa cha koti, chenye matundu yake, ili gumba likipapasa lijue limefika. Anafanya haya yote akiimba kwa puani.

Unamtazama unasema, usione vyaelea vimeundwa. Mikono yake haina haraka wala haisiti, na mtu aliyekuja kuandika mistari michache kuhusu kazi ndogo anajikuta ameacha kuandika.

Nyumbani kwa yule mama, chumba cha seremala ni kisafi kupita kiasi. Kitanda alikitengeneza mwenyewe, kichwa chake kimechongwa majani. Kabati chini ya TV ni lake pia. TV yenyewe imevalishwa kitambaa cheupe cha kufuma, kizito, chenye vishada vinavyoning'inia pembeni na chini, na ubavuni kuna vase ya maua ya plastiki. Mzee amelala akiwa ameegemezwa mito. Macho yamefumba. TV inapiga kelele za mpira.

Mama Kodi hamwendei mkewe wala TV. Anamwendea mzee.

"Shikamoo, mzee wangu. Naitwa Mama Kodi, lakini usiogope, sikuja kudai."

Kichwa kinatikisika, ndiyo. Macho hayafunguki.

Basi kazi inaanza, na TV inakataa. Mama Kodi anabana, kodi zinakwenda, mpira unaendelea kuchezwa. Anarudia. Anabadilisha rimoti. Anaacha njia ya rimoti kutafuta yenyewe, anaanza kuingiza kodi kwa mkono, ukoo baada ya ukoo, za kichwani mwake, midomo ikicheza. Hakuna. Mke, aliyekuwa amesimama mlangoni na tabasamu, anasogea ndani, kisha anakaa kwenye ncha ya kitanda, kisha anaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Jasho linamtoka Mama Kodi. Baadaye alikiri kwamba kama dirisha lingekuwa halina nondo angepitia hapo. Si aibu ya kushindwa iliyomuumiza, alisema, bali zile nguo zilizokuwa zinakunjwa.

Anasimama. Anatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, anafungua kamera, anaielekezea pua ya rimoti na kubonyeza.

Hapa mwandishi anaomba radhi kwa wasomaji wanaolijua jambo hili tangu zamani. Yeye hakulijua. Ukiitazama rimoti kwa macho, hakuna kitu, ni plastiki tu. Ukiitazama kupitia kamera ya simu, pale puani pake panawaka mwanga wa zambarau, unacheza, unapepesa haraka haraka, mzima kabisa. Ukiinua macho kutoka kwenye simu, haupo. Ukirudi kwenye simu, upo. Miaka yote tumekaa sebuleni tukirushiana miale hii juu ya sahani zetu na vichwa vya watoto wetu, na hakuna aliyewahi kuiona. Mwandishi alijikuta anasema, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo.

Mama Kodi anaigeuza simu kuelekea kitandani.

"Mzee, hebu tazama. Hii ndiyo sauti yake."

Macho yanafunguka. Yanautazama ule mwanga, nao unapepesa. Hayafumbi tena.

"Sasa rimoti inasema," Mama Kodi anajiambia, "kwa nini yeye hasikii?" Anainama mbele ya TV. Anatazama chini ya kioo, pale kwenye kijidirisha cheusi ambacho kila TV hupokelea amri, ambacho mafundi hukiita jicho. Halioni. Limefunikwa na vishada vya kitambaa cha kufuma.

Mama Kodi anaketi chini sakafuni na kucheka mpaka anashika mbavu.

"Mama yangu, umemfunga TV kitambaa machoni, halafu mimi namlaumu ni mbishi!"

Yule mama anajishika kinywa. Alikifuma mwenyewe, uzi wa mara mbili, kwa ajili ya vumbi. Na kwa kuwa rimoti ya kwanza ilikufa kabla ya kitambaa kumalizika, hakuna aliyegundua. Mama Kodi naye anajilaumu, maana hilo ndilo kosa la wanaojua kodi nyingi. Wanakimbilia kichwani kabla ya kutazama usoni.

Kitambaa kinatolewa. Mama Kodi anarudi kwenye rimoti ya kwanza, ile yenye kifungo cha koti, anabana, anaelekeza macho sakafuni. Mpira unachezwa. Mpira unachezwa. Mpira unakatika, kidole kimeachia.

"Imekubali."

Anaiwasha tena. Anamwekea mzee rimoti kwenye kiganja cha kushoto, anaizungushia mpira wa nguo isianguke, anapeleka gumba lake juu ya kile kifungo. Anamwambia taratibu kwamba hapo ndipo, akibonyeza mara moja inazima, akibonyeza tena inawaka, na kwamba hakuna haraka, yeye leo hana pa kwenda. Huo ulikuwa uongo; meza yake ilikuwa na foleni.

Wanangoja. Mtangazaji wa mpira anapandisha sauti. Gumba linapapasa matundu ya kifungo, linasimama, linapapasa.

TV inazima.

Mke anapiga makofi. Anaruka, anabonyeza kitufe cha chini, TV inawaka. "Rudia, baba watoto, rudia tuone!"

TV inazima.

Anaiwasha tena, anacheka, machozi yanamlenga. TV inazima kabla picha haijakaa sawa. Safari hii yule mama hacheki. Anaiwasha polepole, anamgeukia mumewe, anamuuliza kwa sauti ambayo pengine hakuitumia tangu kiharusi, ya mtu anayeuliza kwa sababu hajui jibu.

"Kwani unataka TV?"

Kichwa kikasema ndiyo, kama siku zote. Kidole kikabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

Mama Kodi akamgeukia mke.

"Mama, TV imekubali. Mzee ndiye amekataa."

Yule mama alikaa kitandani kando ya miguu ya mumewe. Akaanza kusema miezi yote hii, miezi yote hii, akashindwa kuendelea. Tangu asubuhi mpaka kulala alikuwa akimwashia makelele, akimuuliza kama ni sawa, na kichwa kikimjibu ni sawa. Mzee alikuwa akimtazama, macho makavu, wazi, gumba lake bado liko juu ya kifungo, tayari.

Jirani aliyesikia makofi alichungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Mke wa seremala akajifuta uso.

"Mume wangu amenikatalia," akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi. "Njoo umwone. Amenikatalia!"

Jioni hiyo, mke anasimulia, alimuuliza mzee kila kitu upya, TV ikiwa imewashwa bila sauti. Akikataa jambo, abonyeze. Mzee alikataa uji wa muhogo. Alikataa mto wa tatu. Alikataa kunyolewa na shemeji yake, na hapo wote walimuunga mkono. Alipoulizwa kama afunguliwe dirisha, gumba halikugusa kifungo, likakaa pembeni, wakafungua.

Mwandishi amerudi chini ya ngazi wiki kadhaa baadaye. Kiboksi cha viatu kimepata mwenzake. Ndani yake kuna rimoti zenye vifungo vya makoti, nyingine zimezibwa vidoa vyote isipokuwa kimoja. Muuguzi wa mazoezi alifika kuiona ile ya seremala na kuondoka na maswali mengi. Sasa Mama Kodi anapanga kufunga meza siku moja kila wiki aende kwenye chumba cha mazoezi na kiboksi chake, akae na wagonjwa, apime kila mkono na kile ulichobakiza. Ndoto yake ni rimoti isiyoamuru TV hata kidogo, ya kuwasha taa mbili tu ukutani, moja ya ndiyo na moja ya hapana. Hajaipata bado. Ameunguza balbu kadhaa, na mumewe mwashi amemtobolea ukuta wa sebuleni matundu ambayo mama mkwe anayatazama bila kusema.

"Ule mwanga upo," anasema. "Haujali kama anayeubonyeza ana nguvu au hana, amesoma au hajasoma, anasema au hasemi. Unatoka tu, unakwenda. Mimi nikiufikiria sana nasisimka mwili."

Wakati anasema hayo simu inalia. Ni mke wa seremala. Mama Kodi anasikiliza, anacheka, anasema pole, anacheka tena. Akikata, anaeleza. Jana tamthilia anayoipenda yule mama ilikuwa inafikia pazuri, bwana harusi yuko mlangoni, na mzee akazima. Mke akawasha. Mzee akazima. Wamegombana mpaka sehemu yote ikapita.

"Nimemwambia nitamtengenezea na yeye ya kwake, amshinde," anasema Mama Kodi. "Amekataa. Anasema amekaa muda mrefu mno na mtu asiyembishia. Nimuache kwanza agombane na mume wake."